Uwanja, Ardhi na Nyasi za Bandia: Historia ya Mahali pa Mchezo Nyumbani katika Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Katika miji mingi ya Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba, imekuwa jambo la kawaida kwa mwenye nyumba kuondoa udongo wa ua wake na kutandika nyasi za bandia, ili watoto wapate kucheza mpira wa miguu, tenisi au mpira wa kikapu pasipo kutoka nje ya lango. Mtindo huo umefika pia Afrika ya Mashariki, ingawa kwa sura nyingine. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam viko viwanja vidogo vya nyasi hizo vinavyokodishwa kwa saa, na mjini Rubavu, hatua chache tu kutoka mpaka wa Goma, uwanja wa Umuganda ulitumika mwaka 2016 katika mashindano ya CHAN ukiwa umetandikwa nyasi za bandia.

Makala haya yanakusudia kuutazama mtindo huo kutoka mahali ambapo aghalabu hautazamwi, yaani teritwari za Masisi na Walikale katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Swali la msingi ni hili: ni masharti gani ya kihistoria yanayoiwezesha familia kuwa na mahali pa kudumu pa kuchezea nyumbani pake? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nyasi, ziwe za asili au za bandia, ni jambo la mwisho katika orodha ya masharti hayo. La kwanza ni uhakika wa kukaa juu ya ardhi. Historia ya Masisi na Walikale hulidhihirisha jambo hilo kuliko historia ya mahali ambapo uhakika huo haukutikiswa.

Ili kuifafanua hoja hiyo, tutaanza na ushahidi wa maneno, kisha tutaingia katika historia ya ardhi ya Masisi na ya Walikale, na baada ya hapo tutaeleza asili na utandikaji wa nyasi za bandia zenyewe.

2.0 Ushahidi wa maneno

Kiswahili hutofautisha ua na uwanja. Ua ni mahali palipozungushiwa kitu, ama makuti, ama miti, ama ukuta, na kwa kawaida huwa nyuma ya nyumba. Huko uani ndiko kwenye mapishi, maji na mambo ya faragha, hata "kwenda uani" ikawa namna ya adabu ya kutaja kwenda msalani. Uwanja, kwa upande mwingine, ni mahali peupe palipo mbele ya nyumba au kati ya nyumba. Mpita njia hupaona, mgeni hupokelewa hapo, na watoto wa jirani huja hapo bila kualikwa.

Kutokana na uwanja huo wa nyumbani, lugha imezaa maana nyingine nyingi. Tunao uwanja wa mpira, uwanja wa ndege, uwanja wa vita, na hata uwanja wa taaluma. Neno kiwanja, lililo ndugu yake, limepata maana ya pekee nchini Tanzania, ambako "kununua kiwanja" ni kununua sehemu ya ardhi iliyopimwa kwa ajili ya kujenga. Hivyo neno moja linabeba mahali pa mchezo na haki ya kumiliki ardhi. Katika Kongo maana hiyo ya pili huchukuliwa na neno lupango, hasa katika Katanga, au na neno la Kifaransa ambalo wasemaji wa Goma hulitamka parseli.

Jambo la kuvutia ni kwamba lugha jirani zimefuata njia ileile. Kinyarwanda, ambacho ni lugha ya nyumbani ya wakazi wengi wa Masisi, kina neno imbuga kwa maana ya uwanja uliofagiwa wa nyumba. Kutokana na shina hilohilo limepatikana neno ikibuga, linalotumika kwa uwanja wa mpira na kwa uwanja wa ndege pia. Katika Kilingala, neno libanda ni nje ya nyumba, na ndilo linalotumika kwa uwanja wa mpira na wa ndege. Lugha tatu za eneo hili, kila moja kwa shina lake, zimeukuza uwanja wa nyumbani hadi ukawa uwanja wa mchezo wa hadhara.

Kwa hiyo mchezo wa nyumbani si jambo geni kwa watu wa Kivu. Kilicho kigeni katika mtindo wa nyasi za bandia ni mahali pake: mchezo unahamishwa kutoka uwanjani, mbele ya nyumba, na kupelekwa uani, nyuma ya ukuta. Huko mchezaji ni mtoto wa mwenye nyumba na wale aliowaalika. Tutalirudia jambo hili mwishoni.

3.0 Masisi: ardhi ya malisho

Masisi ni nchi ya milima. Teritwari yake ina eneo la kilomita za mraba 4,734, na sehemu zake nyingi ziko juu ya mita 1,500, nyingine juu ya mita 2,000. Udongo wake una rutuba, hewa yake ni ya baridi, na watu wake ni wengi. Ardhi tambarare ni adimu. Anayetaka uwanja hana budi kuukata katika mteremko, na anayeukata huwa ameondoa shamba la mtu.

Adimu hiyo ilizidishwa na historia. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda Comité National du Kivu, chombo kilichopewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa kwa walowezi. Katika milima ya Masisi yakafunguliwa mashamba ya kahawa, chai, pareto na, zaidi ya yote, ya ng'ombe. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda ulileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, nao wakakaa hasa katika sehemu za Gishari na jirani zake. Baadhi yao walihitajiwa kama wafanyakazi wa mashamba hayo. Misitu ilikatwa, na mahali pake pakawa malisho.

Malisho hayo yanahusika moja kwa moja na mada yetu, kwa sababu miongoni mwa nyasi zilizoenea humo ni nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Nyasi hizi hutambaa, hustahimili kukanyagwa, na hujirudisha haraka zikikatwa au zikiliwa. Kwa sifa hizo zimechukuliwa duniani na kupandwa katika viwanja vya michezo vya Afrika Kusini, Australia na California. Mtazamaji wa mechi katika nchi hizo huweza kuwa anaangalia nyasi zilezile zinazoliwa na ng'ombe wa Masisi. Basi Masisi haikuwahi kukosa nyasi bora za mchezo. Ilichokosa ni mikono mingi yenye haki ya kuzitumia.

Mpira wa miguu wenyewe ulienea katika Kongo ya Kibelgiji kwa njia ya misheni, shule na makampuni. Mfano unaojulikana zaidi ni wa padri Raphaël de la Kethulle, aliyefika Léopoldville mwaka 1917 na kujenga humo shule na viwanja. Katika sehemu za mashambani pia, uwanja uliosawazishwa ulikuwa aghalabu ule wa misheni au wa shule. Uwanja huo ulikuwa na mwenyewe anayejulikana na karatasi yake ofisini. Uwanja wa nyumba ya mkulima haukuwa na karatasi.

Tofauti hiyo haikuondoka pamoja na ukoloni. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Kuhusu ardhi iliyokaliwa na wenyeji kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki zao zingepangwa kwa agizo la Rais. Agizo hilo halikutolewa. Mwaka huohuo, kwa sera ya kuyafanya mashamba ya wageni kuwa mali ya raia wa Zaire, mashamba mengi ya Masisi yaliingia mikononi mwa wanasiasa na matajiri. Matokeo yake ni kwamba mlima mzima wa malisho ungeweza kuwa na hati, ilhali kijiji kilicho chini yake kikiishi kwa idhini ya mwami, au ya msimamizi wa shamba, au kwa mazoea tu.

Ni vema kuyapima mambo haya kwa hesabu. Uwanja kamili wa mpira wenye mita 105 kwa 68 huchukua mita za mraba 7,140, yaani zaidi ya theluthi mbili za hekta. Uwanja mdogo wa mita 40 kwa 20 huchukua mita za mraba 800. Uwanja wa tenisi, kwa mistari yake tu, ni mita 23.77 kwa 10.97, karibu mita za mraba 261. Kwa kaya inayolima chini ya hekta moja kwenye mteremko, hata huo mdogo ni maharage na viazi vya msimu mzima. Kwa hiyo watoto wa Masisi hucheza pale ambapo hapalimwi: njiani, kwenye uwanja wa shule, kwenye uwanja uliofagiwa mbele ya nyumba, au malishoni ikiwa mchungaji ameridhia.

4.0 Walikale: msitu, soko na barabara

Walikale ni kinyume cha Masisi kwa sura. Eneo lake ni kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu yake kubwa ni msitu wa mvua. Watu ni wachache na ardhi ni nyingi. Ingedhaniwa kwamba hapa mahali pa mchezo si tatizo.

Kwa desturi, kweli halikuwa tatizo. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, unaonyesha kijiji chenye mahali pa wazi katikati yake, ambapo watu hukusanyika na shujaa hucheza ngoma mbele yao. Ndani ya utendi huohuo umo mchezo wa kamari uitwao wiki, ambao Mwindo anaucheza na Sheburungu. Anapoteza alivyo navyo vyote, kisha anaweka rehani fimbo yake ya conga na kurudisha kila kitu. Katika fikra za Wanyanga, basi, mchezo ulikuwa na uzito wa kutosha kuamua mambo ya watu na mali. Vivyo hivyo, kwa wasemaji wa Kinyarwanda wa Masisi, mchezo wa igisoro wenye mistari minne ya mashimo manane hauhitaji zaidi ya ubao na watu wawili walioketi uwanjani, na watazamaji wanaobishana juu ya kila hatua.

Lakini uwanja ulio wazi ndio pia mahali ambapo watu huonekana na kufikiwa. Mwezi Machi 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, ndani ya Walikale, yakaenea hadi Masisi. Maelfu ya watu waliuawa na malaki wakakimbia. Tangu hapo, kwa miaka zaidi ya thelathini, vita vimefuatana kwa majina mbalimbali, na familia nyingi zimejenga, zimekimbia, zimerudi na kujenga tena mara kadhaa.

Katika miaka ya 2000 neno kiwanja lilipata sura ya pekee huko Walikale. Madini ya kasiteriti yalikuwa yakichimbwa Bisie, ndani ya msitu. Wachukuzi waliyabeba magunia kwa miguu hadi Njingala, na kutoka hapo yakapelekwa Kilambo. Kilambo hapakuwa na uwanja wa ndege uliojengwa. Palikuwa na kipande cha barabara ya lami kilichonyooka, na ndege zilitua juu yake, zikapakia madini na kuyapeleka Goma. Magari na waenda kwa miguu walisubiri pembeni. Hivyo mahali pagumu na tambarare kuliko pengine pote katika sehemu hiyo, palipojengwa kwa ajili ya safari za watu, paligeuzwa kiwanja cha madini. Ardhi ilikuwa tele pande zote, lakini uso ulioandaliwa ulikuwa mmoja, nao ulikwenda kwa mwenye nguvu.

Katika vita vya hivi karibuni mambo hayohayo yamejirudia. Mwezi Januari 2025 kundi la M23 liliingia Masisi-centre na kisha Goma. Mwezi Machi liliingia Walikale-centre, likaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kabla ya hapo, malaki ya watu, wengi wao kutoka Masisi, walikuwa wamekimbilia kambi za pembeni mwa Goma, kama vile Bulengo na Lushagala, wakiishi katika vibanda vilivyobanana, wengi wao juu ya mawe ya volkano. Mwezi Februari 2025 kambi hizo zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Mwezi huohuo uwanja wa mpira wa Goma, Stade de l'Unité, ulitumiwa kwa mkutano wa hadhara wa watawala wapya.

5.0 Nyasi za bandia: asili na utandikaji

Baada ya kueleza hayo, tunaweza sasa kuitazama teknolojia yenyewe. Uwanja wa mchezo katika bustani ya nyumba ni mtoto wa Uingereza ya karne ya 19. Mashine ya kukata nyasi iliyobuniwa na Edwin Budding mwaka 1830, na tenisi ya bustani iliyopewa hataza na Walter Wingfield mwaka 1874, zilimwezesha mwenye bustani kuwa na uwanja wake mwenyewe. Nyasi za bandia zilikuja baadaye, Marekani. Katika miaka ya 1950 ilionekana kwamba vijana wa mijini hawakuwa na afya ya mwili sawa na ile ya wenzao wa mashambani, na ukosefu wa mahali pa kuchezea ukatajwa kuwa sababu mojawapo. Kampuni ya Monsanto ikatengeneza zulia la nyuzi za plastiki, lililotandikwa mwaka 1964 katika shule ya Moses Brown huko Providence. Umaarufu wake ulianza Houston. Ukumbi wa Astrodome ulifunguliwa mwaka 1965 ukiwa na paa la kupitisha mwanga. Mwanga huo ukawasumbua wachezaji, paa likapakwa rangi, nyasi za asili zikafa, na mwaka 1966 zikawekwa za bandia.

Tangu hapo zimebadilika sana. Zile zinazotumika sasa kwa mpira wa miguu zina nyuzi ndefu zilizojazwa mchanga na chembechembe za mpira, mara nyingi za matairi makuukuu yaliyosagwa. FIFA ilianzisha utaratibu wa kuzipima mwaka 2001, na tangu mwaka 2004 kanuni za mchezo zimeziruhusu.

Kazi ya kuzitandika nyumbani huwa na hatua zinazojulikana. Udongo wa juu huondolewa, ardhi husawazishwa na kupewa mteremko mdogo ili maji yatoke. Kitambaa cha kuchujia hutandikwa, kisha tabaka la kokoto, aghalabu la sentimita 10 hadi 15, hushindiliwa. Zulia hukunjuliwa juu yake, mishono huunganishwa kwa mkanda na gundi, kingo hufungwa, mchanga humwagwa na nyuzi husuguliwa kwa brashi ili zisimame. Ustadi mwingi uko chini ya zulia. Msingi ukikosewa, maji husimama na zulia huvimba, wala hakuna ubora wa nyuzi utakaolitengeneza. Zulia lililotunzwa hudumu miaka 8 hadi 10 hivi, kisha huwa taka ya plastiki. Juani huweza kupata joto la zaidi ya digrii 60. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba uuzaji wa chembechembe hizo za kujazia ukome mwezi Oktoba 2031, kwa kuwa hutawanyika katika udongo na maji.

Hapa neno mpira linastahili kuangaliwa. Kwa asili mpira ni utomvu wa mti. Kutokana na utomvu likapatikana jina la tufe, la mchezo wenyewe, na la vitu vingi vitokanavyo na utomvu huo. Neno ndembo la Kilingala limepita njia hiyohiyo, kutoka utomvu hadi mchezo. Wakongo wanajua utomvu huo uligharimu nini zama za Dola Huru ya Kongo, kati ya 1885 na 1908, vijiji vilipolazimishwa kuuvuna kwa mtutu wa bunduki. Katika nyasi za bandia mpira umo pande zote mbili: hurushwa juu ya uwanja, na umesagwa ndani yake.

Je, uso wa uwanja unabadilisha mchezo tu, au pia wachezaji? Historia ya mpira wa magongo inatoa jibu. Mwaka 1971 Kenya ilichukua nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mchezo huo mjini Barcelona. Mwaka 1976, Montreal, mashindano ya Olimpiki ya mchezo huo yalichezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi za bandia. Nchi tajiri zilizijenga upesi. Nairobi iliupata uwanja wa City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na mwaka 1988 ukawa wa mwisho kwa timu ya wanaume ya Kenya kucheza Olimpiki. Yalikuwepo mambo mengine, lakini ni dhahiri kwamba mchezo ukishahamia kwenye uso wa gharama kubwa, wale wasio na uso huo huanza kucheza mchezo mwingine.

6.0 Hitimisho

Mambo yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba familia inayotandika nyasi za bandia uani mwake imekwisha kupata mambo matatu kabla ya zulia: ardhi ya ziada isiyohitajiwa kwa chakula, haki inayotambuliwa juu ya ardhi hiyo, na matumaini ya kuwapo hapo kwa miaka kumi ijayo. Masisi imekosa la kwanza na la pili kwa sababu ya namna ardhi yake ilivyogawanywa tangu 1928. Walikale inalo la kwanza, lakini la pili na la tatu limenyang'anywa na vita na biashara ya madini. Kwa hiyo kuwaletea watu wa huko mazulia, hata kwa nia njema, kungekuwa kuanza kazi kutoka juu.

Hata hivyo lipo jambo ambalo sehemu hizi zinaweza kulifundisha. Kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kilingala, mahali pa mchezo ni mahali pa wazi ambapo jirani anaingia. Katika nchi ambayo majirani wamefanywa maadui mara nyingi, kuupeleka mchezo nyuma ya ukuta si hasara ndogo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Zaire iliuridhia mwaka 1990, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kucheza. Haki hiyo inahitaji mahali. Wakati huu ambapo watu wanarudi katika vijiji vyao na mipaka ya mashamba inabishaniwa upya, wapimaji, wami na wakuu wa shule wangefanya vema kuutaja uwanja katika karatasi zao, kwa vipimo na kwa mipaka, kabla haujalimwa au kujengwa.

Kwa wanafunzi wa isimu, iko kazi nyingine. Maneno yanayotaja uwanja, ua, soko na mahali pa mikutano katika Kihunde na Kinyanga yanahitaji kukusanywa pamoja na maana zake za kisheria: nani ana haki ya kufagia, nani ana haki ya kufunga njia, na nani huombwa ruhusa. Mzee anayeulizwa leo atajibu kwa kuonyesha mahali penyewe kwa kidole. Akisha kuhamishwa, atabaki na neno tu, na mjukuu wake hatajua lilikuwa likitaja nini.